Beetle au Peugeot 504?

SWALI: Nimepata Volkswagen Beetle 1200 na Peugeot 504 ya kabureta, yenye injini ya cc 1971, zote za miaka ya 1970. Ipi inafaa safari ndefu?

JIBU: Chukua 504. Ina nguvu za farasi 93 hivi dhidi ya 34 za Beetle, na hupanda mlima ikiwa na watu watano. Kagua rejeta kwanza: injini ikichemka, silinda hedi yake ya aluminiamu hupinda na gasketi huungua.

Beetle haitumii maji. Mkanda mmoja huzungusha jenereta na feni. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka, simama papo hapo: huenda mkanda umekatika na feni inayopoza injini imesimama. Oili ni lita 2.5 tu, kwa hiyo usicheleweshe kuibadilisha. Nafasi (gepu) ya valvu ipimwe injini ikiwa baridi kabisa: milimita 0.15. Ikiwa ndogo zaidi, valvu huungua.