Presha ya Mimba: Usikubali Kuambiwa "Ni Jua Tu"

Juzi dada mmoja wa Kayole aliniandikia. Mimba ina miezi saba, uso umemvimba, na mama mkwe anasema hiyo ni dalili ya mtoto wa kiume. Nilimjibu: nenda kliniki leo, si kesho.

Mwaka wa 2019, nikiwa na mimba ya kwanza ya wiki 33, pete ya ndoa ilikwama kidoleni hadi mume wangu akaitoa kwa sabuni ya vyombo. Kliniki, presha ikasoma 150/96. Sista akauliza nimekujaje. Kwa miguu, kutoka steji. "Basi ni jua tu, mama," akasema, akaandika kwenye kijitabu na kumwita anayefuata. Mkojo haukupimwa protini, eti vijiti vya kupimia vimeisha. Sijamsamehe, na sioni haya kusema hivyo.

Usiku wa pili kichwa kilipasuka, vimulimuli vikacheza mbele ya macho, na chini ya mbavu za kulia nikasikia maumivu niliyodhani ni kiungulia. Saa tisa usiku tukapita Barabara ya Jogoo, tupu kabisa. Hospitali nyingine: 172/114. Nikatundikiwa dripu ya magnesiamu ili nisipate kifafa cha mimba, joto likanipanda mwili mzima. Asubuhi nikapasuliwa. Binti yangu, kilo 1.7.

Mimba ya pili sikumwachia mtu. Wiki ya 12 daktari alinianzishia aspirini ya kiwango kidogo (usijinunulie mwenyewe). Nikanunua mashine ya kupima presha, inayofungwa mkono wa juu. Kila asubuhi nilikojoa kwanza, nikaketi dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, bila kuongea. Hata mume wangu alijifunza kunyamaza, muujiza huo! Namba zote daftarini. Ikigonga 140/90 na kurudia, safari ya hospitali. 160/110 ni dharura. Mwezi jana nimejifungua mvulana wa kilo 3.1, wiki ya 38.

Jamani, pimeni! Ukiambiwa vijiti vimeisha, nenda maabara nyingine siku hiyo hiyo. Na ukishazaa usitupe mashine, kwani ugonjwa huu huweza kumkuta mama hata baada ya kujifungua. Mimi bado napima.

Yule dada amejibu jana. Amelazwa, 158/102, mkojo una protini. Mama mkwe ndiye anayempelekea uji.