Je, kipato cha msingi kwa wote kitawafanya watu waache kazi?

Ndugu yangu, umeuliza kama kuwalipa watu wote kila mwezi bila masharti, wakati mashine zinachukua ajira, hakutazaa taifa la wavivu. Ushahidi ulio karibu nasi unatoka Kenya, ambako shirika la GiveDirectly lilianza kuwatumia watu wazima wa vijiji vya Siaya na Bomet takriban dola 0.75 kwa siku kupitia simu, baadhi kwa miaka 2, wengine kwa miaka 12, na wengine wakapewa fedha kwa mkupuo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 na watafiti, wakiwemo Abhijit Banerjee na Tavneet Suri, hayakuonyesha kwamba watu walipunguza kazi kwa jumla. Kilichobadilika ni aina ya kazi, kwani walielekea kuacha vibarua na kufungua biashara zao, hasa waliohakikishiwa malipo ya muda mrefu au waliopokea kwa mkupuo.

Hofu ya uvivu, basi, hainisumbui. Kinachonisumbua ni chanzo cha fedha, kwa sababu zile zilitoka kwa wafadhili. Kericho, ambako waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai Mei 2023, mchumaji aliyepoteza kibarua hawezi kuishi kwa dola 0.75, na faida ya mashine humwendea mwenye shamba. Mpango usioitoza kodi faida hiyo, kwa maoni yangu, utamwacha mchumaji huyo akitegemea hisani.