Siasa ndiyo nyama ya riwaya hii

Dada, umeuliza kama *Her Majesty's Royal Coven* ya Juno Dawson (2022) ni ya watu wazima au ni shule ya uchawi tena. Ni ya watu wazima kabisa. Chama cha wachawi kinachokipa kitabu jina lake ni idara ya siri ya serikali ya Uingereza, iliyoanzishwa na Malkia Elizabeth wa Kwanza, na kina vyeo, vikao na urasimu kama wizara yoyote.

Kinachouma humo ni urafiki. Wasichana wanne walikula kiapo pamoja. Wakiwa watu wazima, baada ya vita vya wachawi kwa wachawi, Helena ndiye Kuhani Mkuu. Niamh anatibu wanyama mashambani, Elle anajifanya mama wa nyumbani wa kawaida, na Leonie amejitoa na kuanzisha chama chake, Diaspora, chenye nafasi kwa wale ambao chama kikongwe kiliwaweka pembeni. Kwa Helena huo ni usaliti mkubwa. Kisha anakamatwa kijana mwenye nguvu za kutisha, na wanne hao wanagawanyika juu ya la kumfanyia.

Kwangu Helena ndiye aliyeandikwa vizuri kuliko wote. Anaanza na hofu ya vita kurudi, na kila hatua anayopiga ana sababu yake, hata zile zinazokutia baridi. Ukikimaliza kitabu hiki, uwe na mwendelezo wake, *The Shadow Cabinet* (2023), karibu, maana mwisho wa hiki cha kwanza unakuacha hewani.