Waliotoweka Hawamo Kwenye Mti Wako

Mwaka wangu wa kwanza katika fani hii ya kuchunguza jinsi spishi, yaani aina za viumbe, zinavyozuka na kutoweka, nilichora mti wa nasaba wa kundi moja la mijusi, kwa kutumia DNA ya spishi zilizo hai tu. Nikaupitisha kwenye programu inayokadiria kasi ya spishi kuzuka na kasi ya spishi kutoweka. Upande wa kutoweka jibu likaja sifuri. Nilifurahi kweli, nikadhani nimepata kundi lenye bahati kuliko mengine yote. Mwalimu wangu akaitazama karatasi kimya, kisha akauliza: "Na marehemu wako wapi?" Sikuwa na la kusema.

Ninyi mnaoanza sasa, sifuri hiyo mtakutana nayo, maana hutokea mara nyingi sana kwa miti ya aina hii. Kuisoma spishi kwa walio hai peke yao ni kama kuandika historia ya ukoo bila kufika makaburini. Tazameni tembo. Leo wapo wa aina tatu: wa savana, wa msituni na wa Asia. Ukiwachukua hao watatu na DNA zao, kisa chao ni kifupi mno, mzazi mmoja na matawi machache. Lakini visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, vinatuonyesha spishi zaidi ya 150 za ukoo huo. Wamo waliokuwa na pembe zilizopinda kuelekea chini kutoka taya la chini, na wamo wa visiwani waliofikia kimo cha mita moja hivi. Mti wa walio hai haunong'oni hata kidogo kwamba hao waliwahi kuwepo.

Idadi ya spishi mnayoiona ni baki: zilizozuka kutoa zilizotoweka. Kumi kutoa saba ni tatu, na mia kutoa tisini na saba ni tatu vilevile. Mwaka 2020 watafiti Louca na Pennell walionyesha kwa hesabu kwamba mti mmoja wa spishi hai unaweza kulingana na historia zisizo na idadi, zinazotofautiana kabisa. Kwa hiyo mkiletewa mchoro laini wa kasi ya kuzuka kwa miaka milioni 50, ulizeni kwanza kama kuna kisukuku chochote nyuma yake.

Mtabishana pia kuhusu maana ya spishi. Bishaneni, ila msikwame hapo. Fasili ya mwanabiolojia Ernst Mayr ya mwaka 1942, ya makundi yanayozaliana yenyewe kwa yenyewe, hufaa kwa ndege na haina msaada kwa mfupa uliogeuka jiwe. Semeni mnatumia fasili ipi, mwendelee na kazi.

Mahali pa kukaa kwa muda mrefu, kwa maoni yangu, ni Ziwa Viktoria. Ziwa hilo lilikauka, kisha likajaa upya takribani miaka 15,000 iliyopita, na ndani ya muda huo mfupi zikazuka spishi zipatazo 500 za samaki waitwao furu. Wageni wengi hudhani kila spishi ilisubiri mabadiliko mapya ya jeni. Hapana. Furu hawa wana asili ya koo mbili za mbali zilizochanganyika zamani, kwa hiyo utofauti mwingi wa jeni ulikuwepo tayari, ukisubiri kupangwa upya.

Wamo wawili ninaowapenda: Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei. (Ndiyo, jina la kwanza ni Kiswahili chetu, na la pili ni la heshima kwa Julius Nyerere.) Dume la kwanza ni la rangi ya buluu na hukaa majini juu juu. La pili lina wekundu mgongoni na hukaa chini zaidi. Kadiri unavyoshuka ziwani, mwanga wa buluu hupungua upesi na kubaki ule wa kuelekea wekundu, na macho ya samaki wa chini yamejirekebisha kuunasa huo. Majike huchagua madume kwa rangi. Maji yakiwa angavu, makundi mawili hubaki mawili. Mbolea na udongo vikiyatia maji ukungu, jike hatofautishi tena, uzao unachanganyika, na spishi mbili zinarudi kuwa moja.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba spishi inaweza kutoweka bila maiti hata moja. Wengi wakisikia kisa cha furu hukimbilia sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na ni kweli kwamba alikula sana. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba spishi zipatazo 200 zilipotea. Lakini ukimlaumu sangara peke yake, utaacha kuyapima maji.

Jambo la mwisho ni tarehe. Huko Zumaia, Uhispania, amoniti, wanyama wa baharini wenye magamba yaliyojiviringisha, walionekana kutoweka mita kadhaa chini ya tabaka la mwamba la miaka milioni 66 iliyopita, kana kwamba walikuwa wameshakwisha kabla hakijaanguka kimondo kile kinachohusishwa na kutoweka kwa dinosaria. Watafiti wakarudi wakatafuta zaidi, na amoniti wakapatikana karibu kabisa na tabaka lenyewe. Kisukuku cha mwisho kupatikana si mnyama wa mwisho kuishi, na walio adimu huonekana kuondoka mapema. Tangu hapo siandiki tena "alitoweka mwaka fulani". Naandika umri wa kisukuku cha mwisho tulichonacho, na kando yake idadi ya vielelezo vilivyokusanywa kwenye tabaka lile na lililo juu yake.