Meya "ameajiri", meya "amepitisha": vitenzi vinavyomfaa na visivyomfaa

SWALI: Msomaji wa Tanga anauliza iwapo sentensi hii ni sahihi: "Meya, ambaye ndiye mkuu wa jiji, ameajiri watendaji wa mitaa na kupitisha bajeti ya mwaka."

JIBU: Kisarufi sentensi hiyo haina kosa. Kasoro yake imo katika vitenzi, kwa kuwa vinamtwika meya kazi za watu wengine. Katika majiji na manispaa za Tanzania Bara, meya ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake awe mwenyekiti wa baraza lao, ilhali mtendaji mkuu wa halmashauri ni mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais na ndiye pia katibu wa baraza hilo. Kwa hiyo watendaji wa mitaa huajiriwa na halmashauri kupitia mkurugenzi wake, na bajeti hupitishwa na baraza. Meya huongoza kikao, huruhusu hoja ijadiliwe, hutia saini kumbukumbu zikishathibitishwa, na huiwakilisha halmashauri katika shughuli rasmi. Hivyo ndivyo vitenzi vyake.

Ningeiandika hivi: "Baraza la Madiwani, katika kikao kilichoongozwa na Meya, limepitisha bajeti ya mwaka, naye Mkurugenzi ameajiri watendaji wa mitaa." Sentensi imerefuka kidogo, lakini mkazi mwenye malalamiko kuhusu mtendaji wa mtaa wake atajua ni ofisi gani ya kuiendea.

"Mkuu wa jiji" nako kunapotosha, hasa kwa sababu neno "mkuu" limekwisha kuzoeleka katika vyeo vya mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, ambao ni wateule wa Rais. Kwa sababu hiyohiyo tusichanganye "kuteuliwa" na "kuchaguliwa". Chama huteua mgombea wa umeya, kisha madiwani humchagua. Anayeandika kwamba meya "ameteuliwa" baada ya kura kupigwa amefuta kura hizo kwa neno moja. Naibu meya naye huchaguliwa, ila muhula wake ni wa mwaka mmoja, na ndiyo maana habari za uchaguzi wake hurudi mara kwa mara magazetini.

Cheo hiki hakipatikani kila mahali penye halmashauri. Halmashauri ya mji na ya wilaya huongozwa na mwenyekiti, hata kama mji wenyewe ni mkubwa na wenyeji wanapenda kumwita meya. Kenya, mameya walitoweka baada ya uchaguzi wa 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi, na majiji madogo sasa yana bodi na meneja. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021. Manispaa yake ya zamani iliwahi kuwa na mameya, lakini "Meya wa Jiji la Nakuru" ni cheo ambacho hakijawahi kuwapo.

Kuhusu heshima, "Mstahiki Meya" hutumika anapohutubiwa na katika barua rasmi. "Mheshimiwa Mstahiki Meya", ambayo washereheshaji wameipenda mno, inarudia heshima ileile mara mbili. Katika habari, "Meya" pekee linatosha, na wingi wake ni "mameya".