Konstanti zinazotumiwa na mikataba erevu mitatu: ziweke wapi?

Mkuu, umeuliza kama konstanti, yaani namba zisizobadilika, zinazojirudia kwenye mikataba yako mitatu ya Solidity (lugha ya kuandikia mikataba erevu, yaani programu zinazoendeshwa kwenye mnyororo wa bloku) uziweke kwenye mkataba wa nne, halafu hiyo mitatu iwe inauita kila inapozihitaji. Usifanye hivyo. Tangu maboresho ya Berlin ya mtandao wa Ethereum ya 2021, kugusa anwani ya mkataba mwingine kwa mara ya kwanza ndani ya muamala kunakula gesi (kipimo cha gharama ya kuendesha msimbo) 2,600, na hapo hujasoma kitu. Konstanti haikai kwenye hifadhi. Kompaila huichomeka ndani ya baitikodi (msimbo wa mashine wa mkataba), na kuisoma hugharimu gesi 3 tu.

Ila kunakili kwa mkono nako kuna hatari yake, na mimi yalinikuta. Mkataba wangu wa hazina ulikuwa na kigawanyo cha ada (namba ambayo kiwango cha ada hugawanywa kwayo) 10,000, wa soko 1,000. Ada ya 50 ikawa nusu asilimia huku, asilimia 5 kule! Majaribio yote yalipita kwa sababu kila mkataba niliupima peke yake. Tuligundua tukiwa bado kwenye mtandao wa majaribio.

Siku hizi natumia faili moja yenye maktaba (library):

library Ada { uint256 internal constant KIGAWANYO = 10_000; }

Kila mkataba unaiingiza faili hiyo na kuandika Ada.KIGAWANYO. Kuanzia toleo la 0.7.4 la Solidity unaweza kuitangaza konstanti nje ya mkataba wowote, bila maktaba, lakini mimi napenda anayekagua msimbo aone jina limetoka wapi. Kurithi konstanti kutoka mkataba mmoja wa msingi pia kunafanya kazi, ingawa kuunganisha ukoo wa mikataba kwa ajili ya namba moja naona ni kujifunga bure. Interface (orodha ya funksheni za mkataba bila msimbo wake) haikubali konstanti kabisa.

Hapa ndipo wengi wanateleza: kinachoshirikiwa ni msimbo chanzo tu. Mikataba ikishapanda kwenye mnyororo, kila mmoja una nakala yake. Ukibadilisha faili kisha ukaboresha mmoja ulio nyuma ya proksi (mkataba wa mbele unaoruhusu msimbo wa nyuma kubadilishwa) na kuiacha mingine, umerudi kwenye kosa langu lilelile. Kwa hiyo thamani unayotarajia kuibadilisha, kama kiwango cha ada chenyewe, usiifanye konstanti. Hiyo ndiyo inastahili mkataba wa mipangilio, na gesi yake uilipe. Inayotofautiana kati ya mtandao na mtandao iwe immutable (inawekwa mara moja tu, haibadiliki tena), uipe thamani kwenye konstrakta, msimbo unaoendeshwa mkataba unapowekwa kwenye mnyororo.

Halafu andika jaribio moja linalopitisha kiasi kilekile kwenye mikataba yote mitatu na kulinganisha ada zinazotoka.