"Mkataba umeshapita kwa wakili": muhuri unathibitisha nini hasa?

SWALI: Wakili msomi, habari za kazi. Mwaka jana nilinunua nyumba Kibaha, yenye hati kwa jina la muuzaji, ambamo alikuwa akiishi na familia yake. Tulisaini mkataba pale pale sebuleni kwake, kisha mdogo wake akaupeleka kwa wakili ukagongwa muhuri, akaniletea nakala yangu. Sasa mke wa muuzaji amejitokeza, anasema hakushirikishwa. Muuzaji ananiambia nisihofu, mkataba umeshapita kwa wakili. Je, muhuri ule haunilindi?

JIBU: Haukulindi, dada yangu. Na kwa ulivyoeleza, muhuri wenyewe una tatizo lake.

Fungua ukurasa wa mwisho wa mkataba, usome maneno yaliyo karibu na saini. Yatakuwa yanafanana na haya: "Umesainiwa na kutolewa hapa Kibaha na fulani, ambaye ametambulishwa kwangu na fulani ninayemfahamu, mbele yangu, leo tarehe..." Halafu jina la wakili, saini na muhuri. Wakili anayeshuhudia saini anathibitisha hayo tu: kwamba mtu huyu alifika, alitambulika, akasaini mbele yake, mahali hapo, siku hiyo. Hasemi kwamba nyumba ni ya muuzaji. Hasemi kwamba fedha zimelipwa, wala kwamba mke ameridhia. Sasa wewe na muuzaji mlisaini sebuleni na wakili hakuwaona. Kwa hiyo hata hicho kidogo alichopaswa kukithibitisha si kweli, na mbele ya hakimu mtaulizwa.

Kuhusu mke: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtwika mnunuzi wajibu wa kuuliza kama ridhaa hiyo ipo. Hata kama uliuliza ukadanganywa, mke anaweza kuomba mauzo yabatilishwe, nawe ukabaki kumdai muuzaji fedha zako. Tena nyumba yenye hati haihami kwa mkataba. Inahama uhamisho unaposajiliwa kwa Msajili wa Hati. Wiki hii tafuta wakili wako mwenyewe. Azungumze na huyo mama kabla shauri halijafunguliwa, na aombe zuio kwenye hati ili isiuzwe kwa mtu mwingine.

Hilo neno "umeshapita kwa wakili" nalisikia kila wiki, na limewapoteza watu wengi. Muhuri umefanywa kama baraka: ukishagongwa, kila kilichoandikwa juu yake kinageuka kuwa kweli. Sivyo. Wakili anayegonga muhuri huo anafanya hivyo kama kamishna wa viapo, yaani mtu mwenye mamlaka ya kuapisha watu na kushuhudia saini, na anafanya kazi chini ya sheria iliyomwekea mipaka. Haruhusiwi kumwapisha mtu katika jambo ambalo yeye mwenyewe ni wakili wa mmoja wa wahusika au ana masilahi nalo. Lazima aandike kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipotolewa. Sehemu hiyo si pambo. Mahakama ya Rufani imeshatupa maombi ya watu kwa sababu kiapo kilichoyabeba hakikuonyesha mahali kilipoapwa. Akithibitisha nakala ya cheti, anasema nakala inafanana na halisi aliyoiona kwa macho yake. Cheti cha kughushi kinabaki cha kughushi. Na hati ya kiapo ya kuzaliwa ni maneno ya mwapaji tu, cheti cha kuzaliwa kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili.

Juzi kijana mmoja aliniletea hati tatu za kiapo za mirathi, zimeshasainiwa na mama yake. Nikamuuliza mama yuko wapi. "Yuko Sumbawanga, wakili. Nimpigie simu akuthibitishie?" Tuko Dar es Salaam, na karatasi inasema ameapa hapa, mbele yangu, leo. Nikakataa. Haikupita nusu saa nikamwona kupitia dirishani akitoka steshenari ya ng'ambo ya barabara, karatasi zikiwa na wino wa buluu uliokuwa haujakauka. Mama yule sasa ana viapo vitatu ambavyo hakuviapa, na siku ndugu wa marehemu watakapovipinga, atakayesimama kizimbani kuulizwa ni yeye, si mwenye steshenari.

Watu kama huyo mwenye steshenari ndio vishoka, wanaofanya kazi ya wakili bila kuwa mawakili. Wengine wanatumia muhuri wa wakili halisi aliyeuacha dukani ili ajikusanyie vijisenti, na huyo wakili simtetei. Anastahili kupelekwa Kamati ya Mawakili. Wengine wamechonga muhuri wenye jina la wakili aliyekwisha kufariki. Kabla hujalipa chochote, ingia kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, andika jina la wakili, uone kama yupo na kama anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Nenda mwenyewe, na kitambulisho chako, pamoja na kila anayetakiwa kusaini. Usisaini nyumbani. Ukikuta mwenye duka anafungua droo na kutoa muhuri bila hata kukuuliza jina lako, chukua karatasi zako uondoke.